Mkunga Aitwaye Basi

Mwanamke aliyelala kitandani hakuwa na neno na mtu. Uchungu ulikuwa umemshika tangu asubuhi, na alichotaka ni mkono wa kuushika na maji ya kunywa. Mwenye neno alikuwa mama mkwe wake, mwanamke mrefu aliyepakata mkoba wa ngozi, ambaye tangu aketi kando ya kitanda kile alikuwa akimkagua kila anayeingia kama mtu anayechagua kuku sokoni.

"Na wewe, binti, unaitwa nani?" akauliza.

Mkunga mwanafunzi alikuwa anamfunga mgonjwa mkanda wa kupima presha. Hakuinua uso. "Naitwa Basi, mama."

"Basi nini?"

"Basi tu."

Mama mkwe akacheka kidogo, akidhani ametaniwa. Kisha akaona kwamba binti hacheki. "La utani hilo?"

"Hapana, mama. Ndilo la kuzaliwa."

Mkoba ukatoka mapajani ukawekwa sakafuni. "Toa mkono wako hapo," mama mkwe akasema, na sauti yake ikafika mpaka kitanda cha mwisho. "Huyu ndiyo kwanza anazaa. Mimi nataka wajukuu watano, sita, wajaze nyumba. Halafu wa kumpokea wa kwanza aitwe Basi? Uzazi uishie hapo hapo? Niitieni mkubwa wenu!"

"Mama, acha," mgonjwa akasema kwa unyonge.

"Wewe nyamaza, wewe unaumwa."

Vichwa vikainuka kwenye mito. Mwanamke mmoja wa upande wa pili akaanza kucheka, akakatishwa na tumbo lake mwenyewe. Basi akabaki amesimama na mpira wa ule mkanda mkononi, hajui aubane au auachie, mpaka matroni alipokuja, mwanamke mnene, mtulivu, aliyezoea kuzima moto kwa maneno machache. Akamsikiliza mama mkwe, akaitikia kwa kichwa, akamgusa Basi begani.

"Kalete mashuka safi," akamwambia.

Mashuka safi yalikuwapo. Kila mtu mle ndani aliyaona.

Baadaye, ofisini kwake, matroni alimwonyesha kiti. Basi hakukaa.

"Mimi sina ugomvi na jina lako," matroni akasema. "Mikono yako ni myepesi na nimeliandika hilo kwenye ripoti yako. Lakini huyu si wa kwanza. Kuna yule mama wa kitanda cha dirishani, kuna yule mke wa mwalimu. Mtu anayekuja kuzaa anakuja na hofu zake zote kichwani. Kazi yetu siyo kumwongezea."

"Daktari wa watoto je?" Basi akauliza. "Jina lake huko kwao ni la shujaa fulani, lakini hapa linasikika kama mtu anapiga chafya. Kuna aliyemkataa?"

"Yule ni daktari."

"Na mimi?"

"Wewe ni mwanafunzi." Matroni hakulisema kwa ubaya. Alilisema kama mtu anayesoma saa ukutani. "Kwa sasa utakaa stoo ya mashuka. Nenda kalibadilishe jina, binti. Wanasema jina jema hung'ara gizani. La kwako linazima taa. Vyeti vinaandikwa mwisho wa mwezi, na beji zinachongwa pamoja navyo. Litakaloandikwa pale ndilo utakalozeeka nalo."

*

Hakuwa mgeni wa kuchekwa. Shuleni watoto walimpigia honi kwa midomo alipotokea kona ya madarasa, wakaulizana nauli. Mwalimu akiita majina na kufika kwake, darasa zima lilifunga madaftari: mwalimu amesema basi. Hayo aliyazoea. Honi haiumizi mtu.

Kilichomuuma ni maana. Yeye alikuwa binti wa tano katika nyumba isiyokuwa na mtoto wa kiume, na hakuna jirani asiyejua kisa chake: baba amesubiri, amesubiri, akaletewa wa tano naye msichana, akachoka, akasema basi. Watu walikisimulia kisa hicho mbele yake kama wanavyozungumzia jua na mawingu, wakati mwingine wakimpapasa kichwani.

Wodini alipenda kuwauliza akina mama maana ya majina waliyowapa watoto wao. Huyu amepewa la bibi aliyemlea baba yake. Huyu la siku aliyozaliwa. Huyu la mvua iliyomnyeshea mama yake njiani akija hospitali. Hata majina ya koo yalikuwa na habari zake: kulikuwa na ukoo wa wafua vyuma ambao sasa wote ni madereva, na ukoo wa watu wa ng'ambo ya mto ambao hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuuona mto wenyewe. Basi aliyasikiliza yote huku mikono yake ikifanya kazi. Wao hawakumuuliza la kwake. La kwake lilijieleza.

Kwa hiyo aliposema moyoni kwamba atalibadilisha, hakulia wala hakutafuta ushauri. Alishachagua zamani. Alitaka kuitwa Faraja. Alilijaribu stoo, peke yake kati ya makabati: "Naitwa Faraja, mama. Nyoosha mkono." Likakaa vizuri mdomoni.

*

Karani wa ofisi ya vizazi na vifo alikuwa kijana mwenye tai, na kikombe cha chai kilichoacha duara za kahawia juu ya meza. Alisoma cheti cha kuzaliwa, akakisoma tena, akamtazama mwenye nacho.

"Basi! La abiria au la mizigo?"

Foleni nyuma ikacheka. Mzee mmoja akasema, "Mwulize linaondoka saa ngapi."

"Linaondoka ukimaliza kazi yako," Basi akasema.

Foleni ikacheka tena, safari hii kwa upande wake, na karani akajivuta kwenye kiti akawa mtu wa serikali. Akamweleza utaratibu. Picha ziko. Ada italipwa dirisha la pili. Lakini kwa kuwa wazazi wote wawili wako hai, yule aliyetoa jina anatakiwa afike mwenyewe, aape mbele ya ofisa kwamba alilitoa yeye na kwamba hana kipingamizi likiondolewa.

"Nani aliyekupa?"

"Baba," Basi akajibu bila kufikiri.

"Mlete."

*

Baba yake alikuwa fundi viatu. Benchi lake lilikuwa barazani, chini ya dirisha la sebule, na mama, ambaye kazi yake ilikuwa kufua na kupiga pasi nguo za watu, aliweka meza yake ndani ya dirisha hilo hilo. Hivyo ndivyo walivyoishi tangu mabinti wakubwa waolewe na kuondoka: yeye nje, mkewe ndani, dirisha katikati, wakiongea kidogo sana. Alikuwa na kawaida ya kushika misumari midogo midomoni akigonga soli, na watu walidhani ndiyo sababu ya ukimya wake.

Basi alirudi akawakuta hivyo. Akasimama mlangoni, mahali ambapo wote wawili wangemsikia.

"Baba, nimetoka ofisi ya vizazi. Nataka kubadilisha jina."

Nyundo ikasimama. Ndani, pasi ikasimama pia, juu ya kola ya shati la mtu, mpaka mama aliposikia harufu akaiinua kwa haraka.

"Nani amekuudhi?" mama akauliza.

Basi akawaeleza yote: mama mkwe na mkoba wake, matroni, stoo, beji. Akayaeleza kwa kifupi, kwa sababu aliona uso wa mama unabadilika na hakutaka kuhurumiwa kabla hajamaliza.

"Wapuuzi hao," mama akasema. "Jina halibadilishwi kama shuka."

"Sikuulizi wewe, mama. Wanamtaka aliyelitoa." Akamgeukia baba. Maneno haya alikuwa ameyapanga njia nzima, na aliyatoa kama alivyoyapanga. "Baba, sikulaumu. Ulitaka mtoto wa kiume ukapata mimi. Ni mambo ya zamani. Ninachoomba uje uape kwamba huna kipingamizi, yaishe."

Baba akatoa msumari mdomoni, akauweka kwenye kopo. Akatoa wa pili. Akatoa na wa tatu.

"Kitinda," akasema. Ndivyo alivyomwita siku zote, yeye kitinda mimba wake, na Basi hakukumbuka kama aliwahi kumsikia akimwita vingine. "Kipingamizi sina. Ila kuapa siwezi."

"Kwa nini?"

"Nitakuwa nimeapa uongo. Jina hilo sikukupa mimi." Akainua macho akatazama dirishani. "Mwambie mwenyewe."

Mama alikuwa amegeuza uso ukutani. Akazima pasi, akaisimamisha, akapangusa mikono iliyokuwa mikavu.

"Nilipokuzaa wewe damu ilitoka ikakataa kusimama," akasema. "Nilikuwa naisikia inadondoka chini ya kitanda. Mkunga aliponusuru roho yangu, akatoka nje akawaambia baba yako na bibi yako: huyu akizaa tena mtamzika. Mlango ulikuwa wazi, nikasikia. Nikamsikia na bibi yako. Akasema, 'Mwanamke gani hatoki damu? Mwakani atapata wa kiume.'"

"Na baba?"

"Mwulize."

Baba alikuwa anatazama kiatu kilichokuwa mkononi mwake. "Nilinyamaza," akasema.

"Alinyamaza," mama akasema. "Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Asubuhi akaja karani wa hospitali na daftari, anaandika watoto. Bibi yako amekaa pale pale na chai yake. Karani akauliza, huyu mtoto jina lake nani? Bibi yako akafungua mdomo. Nikamtangulia. Nikasema, 'Basi!' Karani akadhani namfukuza, akafunga daftari. Nikamwambia, fungua, andika. Jina lake ni Basi."

Akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha, akaketi kwenye kikapu cha nguo.

"Bibi yako aliishi humu ndani miaka mingi baada ya hapo. Kila akitaka maji akuite, kila akitafuta miwani yake akuite. Na kila akikuita ilibidi alitamke kwa kinywa chake mwenyewe: Basi. Basi. Basi. Hakunitajia tena habari ya mtoto wa kiume. Nimeolewa katika nyumba hii nikiwa sina sauti, binti yangu. Hilo ndilo neno langu moja lililosikika."

Nje mtu alipita akauliza kiatu chake, baba akamwashiria aje kesho.

"Na majirani?" Basi akauliza hatimaye. "Wote wanasema ni baba."

"Walidhani hivyo, nikawaacha wadhani. Aibu ilikuwa yake, nikamwachia."

"Nami niliichukua," baba akasema. "Nilistahili."

Basi aliwatazama, mmoja nje mmoja ndani, wakiwa wamegawana kisa kile miaka yote kama watu wanaogawana kitanda. Alitarajia kuona huruma ikimjaa. Kilichomjaa ni hasira.

"Kwa hiyo nyinyi mligombana," akasema, "na fimbo yenyewe ikawa mimi. Mama, wewe neno lako umelisema mara moja. Mimi nimeliitikia maisha yangu yote. Mimi ndiye niliyepigiwa honi. Mimi ndiye ninayekunja mashuka."

"Nilikuwa napigania roho yangu!"

"Najua. Njoo uape."

"Siendi," mama akasema. Akawasha pasi. "Kama wanataka kulifuta, walifute bila mimi."

*

Siku zilizofuata nyumba ile iliendeshwa kwa kukohoa. Mama alipiga pasi kwa nguvu mpaka meza ikalia. Baba aligonga soli hata zilizokuwa zimeshashika. Basi aliondoka mapema na kurudi jioni, na kati ya hapo alikaa stoo, chumba kirefu chenye dirisha moja la juu, akihesabu mashuka yanayotoka na kukunja yanayoingia. Ukuta ulikuwa mwembamba. Aliwasikia wanawake wa upande wa pili wakilia na wenzake wakiwaambia wapumue, na mara nyingi alijikuta amesimama na shuka mikononi, akisikiliza kilio na kujua kwa sauti yake peke yake kwamba huyu bado, huyu karibu, huyu anasukuma kabla ya wakati na hakuna anayemwambia.

Mama alimkuta amesimama hivyo. Alikuwa amekuja kuleta mashuka ya daktari mmoja aliyekuwa mteja wake, akauliza njia, akaelekezwa stoo. Hakujua atamkuta nani. Au labda alijua.

Akatazama makabati. Akatazama rundo lililokunjwa mezani, kona kwa kona, mistari imenyooka kama rula.

"Umekunja wewe?"

"Ndiyo."

"Ni vizuri," mama akasema. Akalishika shuka la juu, akalirudisha. "Lakini kukunja mashuka ungejifunza kwangu. Bure. Sikuinamia beseni miaka yote hiyo ili uje kusoma kukunja mashuka."

Upande wa pili wa ukuta mwanamke alipiga ukelele, na mtoto akalia. Wote wawili wakasikiliza.

"Hicho ndicho unachokosa?" mama akauliza.

"Hicho."

Mama akaliweka furushi la daktari chini, akajifunga vizuri kitambaa chake cha kichwa kama mtu anayeanza safari.

"Kesho twende," akasema. "Nitaapa."

*

Asubuhi walipotoka walimkuta baba amelifunika benchi lake kwa turubai. Alikuwa amevaa viatu vyake vyeusi, vile ambavyo alivishona mwenyewe na havikuwahi kwenda popote.

"Wewe unakwenda wapi?" mama akamwuliza.

"Mnakokwenda."

Karani alimkumbuka Basi mara moja, kwa maana ya kulikumbuka jina. Akawapa viti viwili, baba akasimama. Akamweleza mama aseme kwa maneno yake mwenyewe ni nani aliyetoa jina na kwa sababu gani, yeye ataandika. Alitazamia sentensi mbili.

Mama alisema yote. Alianza kwa sauti ya chini, lakini kadiri alivyosonga sauti ilipanda, na foleni ikanyamaza, na mwanamke wa dirisha la pili akaacha kuhesabu chenji. Alisema habari ya damu. Alisema habari ya mlango uliokuwa wazi. Alipofika kwenye karani aliyefunga daftari, karani huyu naye akatazama daftari lake. "Nikasema basi," mama akamaliza. "Haikuwa kwa ajili ya mtoto. Mtoto alikuwa mzuri, nilimpenda nilipomwona. Niliwaambia wao. Lakini limemwelemea, kwa hiyo nalitoa. Andika."

Karani akaandika taratibu kuliko kawaida yake. "Na wewe, mzee, ni baba?"

"Ndiyo."

"Una la kuongeza?"

Basi alidhani atatikisa kichwa. Baba akakohoa, akashika ukingo wa meza kwa vidole vyake vyenye gundi kavu isiyotoka hata kwa sabuni.

"Naomba usilifute kwanza," akasema. "Mimi sijawahi kulitamka. Toka siku ile. Nilikuwa nikitaka kumwita naliona linanitazama mimi. Nikatafuta mengine. Sasa linafutwa, na baba mtu sijamwita mwanangu kwa jina lake hata mara moja." Akamgeukia. Alikuwa mtu mzima wa mvi, na sauti ilimtoka kama ya mtoto anayesomeshwa herufi. "Basi," akasema. "Basi, mwanangu." Kisha akamtazama mkewe, na jambo hilo lilimgharimu zaidi. "Ulisema kweli siku ile. Nilipaswa kulisema mimi, nje pale, kwa mama yangu. Nisamehe."

Mama alichukua pindo la kitambaa chake akajifuta pua, akasogea kwenye kiti, nusu yake ikabaki wazi. Baada ya muda baba akaketi.

"Haya," karani akasema, akipangusa kalamu isiyokuwa na kitu. "Jina jipya?"

Faraja lilikuwa tayari mdomoni. Basi alilitafuta kwa ulimi akalikuta, zuri, laini, kama kiatu cha dukani ambacho hakijavaliwa na mtu. Alifikiri habari ya yule mwanamke kijana katika damu yake, aliyepewa nafasi ya neno moja tu, na akalitumia bila kukosea. Miaka yote alidhani yeye ndiye aliyekataliwa pale kitandani. Kumbe alikuwa upande wa aliyekataa.

"Usiandike kitu," akasema.

"Dada, nimeshajaza ukurasa!"

"Ada yako nitalipa. Usiandike."

Mama akageuka kwa ghafula. "Usifanye kwa ajili yangu. Nimeshatoa. Nimetoa kwa moyo."

"Umetoa, nami nimechukua," Basi akasema. "Sasa ni langu. Twendeni, mnanichelewesha kazini."

*

Matroni alilisikiliza jambo hilo lote akiwa amesimama, funguo mkononi.

"Hukulibadilisha."

"Hapana, matroni. Naomba liandikwe kwenye cheti na kwenye beji, kwa herufi kubwa kama za wengine. Na naomba nirudi leba."

"Na wakikukataa?"

"Uwaambie mnavyowaambia wakimkataa daktari. Kwamba ndiye aliyepo."

"Una ulimi wewe."

"Nina na mikono. Umeandika mwenyewe kwenye ripoti."

Beji, matroni akasema, ataandikisha. Ya leba atayafikiria. Basi akashukuru, akarudi stoo, na kila asubuhi kabla ya kufungua makabati alipita mlangoni kwa matroni, akagonga, akauliza swali lile lile kwa adabu ile ile: "Umefikiri, matroni?" Kila asubuhi akajibiwa bado. Hakukasirika wala hakuacha. Wenzake wakaanza kumcheka, kisha wakaacha kucheka, kisha mmoja wao akaenda naye kugonga.

Siku aliyopata jibu hakuna aliyelitoa kwa maneno. Wodi ilikuwa imefurika, vitanda vimesogezwa mpaka kwenye korido, mkunga mmoja amepelekwa chumba cha upasuaji na mwingine anaumwa. Mlango wa stoo ukafunguliwa. Matroni alikuwa amekunja mikono ya gauni lake, jasho linamtiririka.

"Njoo," akasema, akaondoka.

Basi alinawa mikono mpaka viwikoni, akavaa glavu. Kitanda cha tatu kilikuwa na mwanamke mfupi, mwenye nywele zilizolowa, na pembeni yake shangazi wa mumewe, mwenye uso wa kutafuta makosa. Beji mpya ilikuwa kifuani, nyeupe, imechongwa vizuri. Shangazi akaisoma huku midomo ikisogea. Akasoma tena.

"Ndiyo jina hilo?"

"Ndiyo."

"La mtu?"

"Langu. Alinipa mama yangu."

Shangazi akainuka, akavuta pumzi ya kuita watu. Basi alikuwa ameshainama, mkono mmoja juu ya tumbo la mgonjwa, akilisikiliza likikaza na kulegea.

"Shangazi," akasema bila kugeuka, "mlango uko pale na kiti kiko hapa. Chagua unachotaka, ila chagua upesi. Kichwa cha mtoto kimeshaonekana."

Kisha Basi akasikia kiti kikilia chini ya uzito wa mtu.

Mwanamke mwenyewe hakuwa amesikia lolote kati ya hayo. Uchungu ulimpanda tena, mkubwa kuliko wote uliotangulia. Akashika vyuma vya kitanda, akarusha kichwa nyuma, akapiga ukelele kama wanavyopiga wanawake wote katika chumba kile, tangu kilipojengwa:

"Basi! Jamani, basi! Basi!"

"Niko hapa," Basi akasema. "Sukuma."